Komeo la Mlango wa Dada Yangu

Nimepewa dakika ishirini za redio jioni hii, nami nimekusudia kuzitumia kwa jambo ambalo aghalabu husemwa kwa kunong'ona, baada ya wageni kwenda zao na mlango kurudishwa: hali ya nyumba ambayo kijana wake akili zimeanza kumruka, ilhali kijana huyohuyo anavuta bangi au anatumia unga. Juu ya kijana mwenyewe sitasema mengi. Mawaidha juu ya vijana na bangi tunayo ya kutosha kuzilisha redio zote za pwani mpaka mwakani, wala mimi sijapata kuonana na kijana aliyeiacha kwa sababu ya mawaidha hayo. Nataka kusema juu ya waliomo ndani ya nyumba: mama, na baba kama yupo, na dada anayelala chumba cha pili akizisikiliza nyayo za nduguye usiku kucha, na bibi ambaye kila aingiaye humletea lawama mpya.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Yapata miaka mitatu sasa, dada yangu, mjane anayewalea wanawe wanne kwa kuuza vitumbua na maandazi, alimtuma mtoto aniite. Nilipofika akaniambia, "Kaka, njoo umtazame mwanao." Mwanangu huyo, yaani mpwa wangu, alikuwa barobaro wa miaka 19, mwenye hati nzuri na ulimi wa upole, ambaye tangu udogoni tulimwekea tamaa ya kuwa mwalimu. Dada yangu akanieleza, kwa mpango kama wa mtu aliyekwisha kulirudia jambo moyoni mara nyingi, kwamba kijana ameacha kwenda chuoni. Kwamba mchana hulala na usiku huzunguka uani akisema peke yake. Kwamba amezibandika karatasi tundu zote za dirisha. Na kwamba chakula cha nyumbani hakigusi, ila yai alilolichemsha mwenyewe na kulimenya mwenyewe, kwa kuwa yai, alisema, haliwezi kutiwa kitu na mkono wa mtu. Mwisho akanionyesha misokoto mitatu ya bangi aliyoikuta katika mfuko wa suruali siku ya kufua. Mimi, ambaye kwa mila zetu ni mjomba na neno langu lina uzito, niliiona misokoto. Yai sikuliona.

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, kwamba kijana huyu hana maradhi ila ukaidi, kwamba huruma ya mama ndiyo inayomharibu, na kwamba dawa yake ni kufungiwa mlango ifikapo saa tatu ya usiku, akirudi akose pa kuingia, akalale atakakolala mpaka dunia imfunze. Komeo nililinunua mimi. Nililipigilia mimi, misumari minne, naye dada yangu alinishikia tochi. Kijana akalala nje usiku kumi na mmoja. Alfajiri ya siku ya kumi na mbili wavuvi waliokuwa wakishua ngalawa walimkuta amesimama baharini, maji ya kiuno, akijibizana na watu ambao wavuvi hawakuwaona, naye analia.

Ushauri ule sikuutunga. Niliuokota njiani, kama wengi wanavyouokota, na kila siku hutolewa na watu wenye nia njema kabisa. Nitaurudia baadaye, maana una kisa chake.

Maradhi haya, ambayo matabibu huyaita saikosisi na lugha yetu ikayaita wazimu, neno lenye udugu na mzimu, aghalabu huwashika watu tangu balehe mpaka kukaribia miaka 30, yaani wakati uleule ambao ujana wenyewe hauna adabu ya usingizi, hupenda kujitenga, na huwaona wazee kuwa maadui. Ndiyo maana mwanzo wake ni mgumu kuutambua hata kwa macho ya mama. Huanza kuondoka usingizi. Kisha rafiki hupungua mmoja mmoja. Kisha hima ya kazi na ya usafi wa mwili hufifia. Halafu dunia huanza kumsemesha mgonjwa kwa namna isiyomsemesha mtu mwingine. Atasikia sauti zinazomtukana au kumwamuru. Ataona kwamba kikohozi cha jirani ni ishara. Ataamini kwamba mtangazaji wa redio anamtaja yeye. Na hapa nasita kidogo, kwa kuwa huenda yuko anayenisikiliza saa hii akidhani nasema naye peke yake. Ikiwa yuko, namwambia kwa heshima zote kwamba nasema na watu wote kwa pamoja, wala sina siri yake yoyote.

Sasa, kinachofuata katika nyumba nyingi si matibabu. Ni baraza la hukumu. Nyumbani kwa dada yangu baba mdogo wa kijana alisema ni bangi, basi. Bibi alisema ni jini wa baharini, na ushahidi wake ulikuwa yale maji ya kiuno. Jirani mmoja alisema amerogwa kwa kijicho cha masomo, mwingine akasema ni mapenzi ya binti fulani aliyeozwa Pemba. Kila mmoja alikuwa na dawa yake, kila dawa ilikuwa na gharama yake, na mama, ambaye hakuna aliyemwuliza anaonaje, alikopa fedha kwa ajili ya zote. Kutoka siku niliyoonyeshwa misokoto mpaka siku kijana alipopata dawa ya kweli, ikapita miezi saba.

Sitaki kuwakejeli waliosema jini. Yule sheikh aliyekuja kumsomea kijana na kumwandikia kombe ndiye mtu wa kwanza, katika muda ule wote, aliyeketi mkekani mwa dada yangu akamwuliza, "Na wewe, mwanangu, unalala?" Ndiye pia aliyesema, baada ya kisomo cha tatu, kwamba kisomo hakikatazi hospitali, na kwamba yeye mwenyewe hunywa vidonge vya presha. Wangapi miongoni mwetu tulio na elimu ya vitabu tuliyasema hayo?

Na bangi je? Bangi ina mashitaka ya haki katika shauri hili. Mwaka 1987 matabibu wa Sweden walitangaza matokeo ya uchunguzi uliowafuata vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini nchini humo. Wale waliosema kwamba wameivuta bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia, ambayo ni sura nzito ya maradhi haya, mara sita zaidi kuliko wasioivuta. Lakini hata miongoni mwa wavutaji hao walio wengi hawakupatwa na kitu. Hesabu hiyo haimpi ushindi baba mdogo, wala haimpi bibi. Wako walioanza kuvuta ndipo wakasikia sauti, na wako waliosikia sauti ndipo wakavuta, ili wazinyamazishe sauti hizo wapate kulala usiku mmoja. Kwa mpwa wangu, mpaka leo si mama wala tabibu ajuaye kwa yakini kipi kilitangulia. Na tabibu, alipoulizwa, alijibu kwamba halazimiki kujua ndipo aanze kutibu. Neno hilo lilinifungua macho kuliko hotuba. Sisi tulikuwa tumeketi miezi saba tukiitafuta hukumu, kumbe mgonjwa hakuhitaji hukumu.

Na muda una thamani yake. Huko Melbourne, Australia, tabibu Patrick McGorry na wenziwe walianzisha mwaka 1992 huduma ya vijana walio katika mwanzo wa maradhi haya, kwa kuwa walitambua kwamba kadiri mtu anavyokaa muda mrefu na wazimu usiotibiwa ndivyo anavyozidi kuwa mzito kurudi: shule humpita, rafiki humsahau, na wale wa nyumbani huchoka. Kuchoka huko kwa watu wa nyumbani ndiko nitakako tukutazame.

Ziko zama ambapo elimu yenyewe ilimtia mama hatiani. Mwaka 1948 tabibu Frieda Fromm-Reichmann, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alitoa istilahi ya mama anayezalisha skizofrenia kwa mwanawe kwa namna anavyomlea. Ilisemwa kwa nia ya elimu, nayo ikafanya kazi ya tusi. Kwa miaka mingi wazazi waliompeleka mtoto hospitali katika nchi hizo walitazamwa kama jamaa wa marehemu wanavyotazamwa na askari wa upelelezi. Madai hayo yamekwisha kutupwa, lakini ukienda leo katika kituo chochote cha maradhi ya akili, ukamtazama mama wa Kiswahili jinsi anavyoketi upande wa benchi na ushungi umemfunika nusu ya uso, utaona kwamba habari ya kutupwa kwake haijamfikia.

Kilichokuja baadaye ni chenye insafu zaidi, ijapokuwa nacho chaweza kusomwa vibaya. Huko London, mtaalamu wa elimu ya jamii George Brown aliona jambo la ajabu: baadhi ya wagonjwa waliotoka hospitalini wakarudi kwa wazazi au wake zao, walirejea ugonjwani upesi kuliko waliokwenda kupanga chumba kwa mtu baki. Yeye na wenziwe wakafanya kazi ya kusikiliza namna watu wa nyumbani wanavyomsema mgonjwa wao, si maneno tu bali na sauti yenyewe, na mwaka 1972 wakatangaza walichokiona kwa wagonjwa 101. Katika nyumba zenye lawama nyingi, uhasama, au kuingiliwa kwa mgonjwa katika kila jambo lake kana kwamba ni mtoto wa kunyonya, wagonjwa 58 katika kila mia walirejewa na maradhi katika miezi tisa. Katika nyumba tulivu walirejewa 16 katika mia. Hii haina maana kwamba lawama huleta wazimu. Ni kama moshi wa jikoni na mwenye pumu: moshi haukumpa pumu, lakini mwenye pumu hawezi kulala jikoni.

Wala waliolaumu hawakuwa watu wabaya. Aliyekesha miezi sita, akavunjiwa vyombo, akaibiwa mtaji wa vitumbua, naye hana wa kumweleza, atasema kwa ukali. Ukali ni lugha ya uchovu. Kwa hiyo watu wenye busara hawakuwaambia wazazi, "Nyamazeni." Waliwaendea majumbani, wakawafundisha maradhi ni kitu gani, wakawakutanisha wao kwa wao wapeane mbinu. Tabibu Julian Leff na wenziwe huko London walijaribu hivyo kwa familia 24, wakatangaza matokeo mwaka 1982: katika nusu iliyoachwa na matibabu ya kawaida, nusu ya wagonjwa walirejea ugonjwani katika miezi tisa, katika nusu iliyosaidiwa pamoja na dawa, alirejea mmoja tu. Familia 24 ni kidogo, lakini majaribio mengi yaliyofuata yalielekea huko huko.

Na tusidhani kwamba hekima hii ilizaliwa London. Mtaalamu wa Kimarekani Juli McGruder alikaa hapa Unguja katika miaka ya tisini ya karne iliyopita, akaingia katika nyumba zenye wagonjwa na kuziandikia uchunguzi wake. Aliona kwamba yale maneno ya pepo na majaaliwa, ambayo sisi wasomi tunayaonea haya, yalikuwa na kazi: kwa kuwa pepo huja na huondoka, mgonjwa aliyetulia alirudishiwa nafasi yake siku ileile, bila ya mtu kumhesabia aliyoyafanya jana, na wala mama hakutiwa hatiani kwa jambo lililoletwa na Mola. Yule bibi wa kijana, ninayemcheka hapa kwa maji ya kiuno, ndiye pekee nyumbani humo ambaye hakupata kumfokea.

Sasa nalirudia lile komeo. Nyumba yenye mgonjwa wa akili peke yake hupewa wosia mmoja: mvumilieni, mpunguzieni kelele, msimtupe. Nyumba yenye mla unga peke yake hupewa wosia mwingine: msimbembeleze, msimpe fedha, mwacheni aanguke mpaka chini ndipo atakapotaka kuinuka. Lakini nyumba yenye kijana mwenye yote mawili hupewa nyosia zote mbili kwa siku moja. Asubuhi mama aambiwa mlango uwe wazi. Jioni aambiwa autie komeo. Atakalolifanya lolote, upande mmoja utamwambia kwamba ndilo lililomponza mwanawe.

Na milango ya nje hufanya vilevile. Baada ya mwaka mmoja mpwa wangu alikwisha kuingia katika kile vijana wanachokiita kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga. Tukampeleka kwenye nyumba moja ya kuachia unga, ambako vijana walioacha huwasimamia wenzao; wakamtazama anavyosema na ukuta, wakatuambia, kwa upole, "Huyu mtibuni akili kwanza." Tukampeleka hospitali moja; wakampima mkojo, wakatuambia, "Aache unga kwanza." Dada yangu akaniuliza tukiwa kituo cha daladala: "Kaka, hiyo kwanza ni ipi?" Sikuwa na jibu. Siwataji waliotujibu hivyo, kwa maana majibu hayo ni ya mpango mbaya wala si ya mtu mbaya, na hutolewa katika miji mingi ya dunia iliyo tajiri kuliko wetu. Matabibu wa siku hizi hufundishwa kwamba mawili hayo yatibiwe pamoja, chini ya paa moja, na watu wale wale. Paa hilo katika pwani yetu bado ni dogo.

Walakini kati ya komeo na mlango wazi iko njia ya tatu, na ningeijua mapema nisingeinunua ile misumari. Huko New Mexico, Marekani, mtaalamu Robert Meyers na wenziwe walibuni mafunzo wanayopewa jamaa wa mtumiaji, si mtumiaji mwenyewe. Mwaka 1999 walitangaza jaribio la jamaa 130 wa walevi waliokataa matibabu: waliofundishwa njia hiyo waliwafikisha wapenzi wao katika matibabu kwa kadiri ya 64 katika mia, waliofundishwa njia ya kumkusanyikia mlevi na kumkabili, 30 katika mia, walioelekezwa katika mwenendo wa kujitenga kwa upendo, 13. Wale walikuwa jamaa wa walevi, wala si wa wenye wazimu, na kwa wenye wazimu njia hiyo hairukiwi bila ya tahadhari. Lakini kiini chake kinaingia hata katika chumba chenye mkeka mmoja.

Kiini chenyewe ni hiki. Saa ambayo kijana hajavuta ifanywe kuwa saa nzuri ya nyumba: chai iwe tamu, aulizwe habari za mpira, asisomewe orodha ya makosa ya juzi kwa kuwa leo ana akili za kuyasikia, maana hapo ndipo tunapokosea sisi, huisubiri saa yake njema ili tuijaze matusi. Saa aliyovuta, mama huondoka pole pole, akashughulike na unga wake wa maandazi, bila ya ugomvi na bila ya kubembeleza. Akitapika, asisafishiwe kabla hajaamka akaona. Akikosa nauli kwa sababu ameitumia, asilipiwe. Lakini chakula hakikatwi, na mlango haufungwi kwa mtu anayeyaogopa majirani wasioonekana, kwa kuwa adhabu humfunza mwenye kuweza kufunzika, na aliyeko katika sauti hawezi. Kumpambanua yupi anayesema, maradhi au kileo, ni kazi ngumu. Dada yangu aliijua kwa macho baada ya miezi kadhaa, nami bado hunishinda.

Kwa upande wa sauti zenyewe, alifundishwa na muuguzi mmoja asikubali wala asibishe. Kijana akisema, "Mama, wananisikiliza ukutani," asimwambie, "Hakuna kitu, wewe mwehu," wala asimwambie, "Ndiyo, nami nawasikia." Amwambie, "Siwasikii, lakini naona unaogopa. Njoo ukae na mimi." Maneno haya ni mepesi kuyasema katika redio. Yajaribuni saa tisa ya usiku.

Yapo mengine ambayo lau familia zingeelezwa siku ya kwanza, zingeokoka na mwaka wa taabu. Dawa za zamani za maradhi haya, ambazo ndizo zinazopatikana kwa wepesi katika hospitali zetu, huweza katika siku za mwanzo kumpinda mgonjwa shingo, kumpandisha macho juu, kumtetemesha mikono na kumtoa mate. Mama asiyeambiwa akiliona hilo huapa kwamba mwanawe ametiwa sumu, na vidonge hutupwa chooni usiku uleule. Ilhali iko dawa nyingine, ya bei rahisi, ya kuliondoa jambo hilo, na daktari aweza kupunguza kipimo. Hali kadhalika mwezi wa Ramadhani: wako vijana wanaorejewa na maradhi katika mwezi mtukufu kwa kuwa waliacha vidonge ili wafunge. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, na anayetaka kufunga aende kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, maana mara nyingi vidonge vyaweza kupangwa baina ya futari na daku, au badala yake akachomwa sindano moja inayokaa wiki kadhaa. Kwa wala unga, dawa ya methadoni imekuwa ikitolewa Muhimbili tangu mwaka 2011, na baadaye hapa Unguja na upande wa Kenya. Aghalabu huinywa mbele ya mhudumu kila siku, na mimi naona fadhila yake ya pili ni hiyo hiyo kila siku, kwamba yuko mtu anayeutazama uso wa kijana asubuhi zote za mwaka.

Na minyororo je? Najua imo. Nimeiona kwa macho yangu katika nyumba ya watu wacha Mungu, mguu wa kitanda umefungwa mguu wa mtu. Aliyemfunga mwanawe si lazima awe katili. Aghalabu ni mtu aliyeita kwa muda mrefu wala asiitikiwe, akaona bora mwana wa mnyororo kuliko mwana aliyepigwa mawe sokoni kwa kudhaniwa mwizi. Ukiona mnyororo katika mtaa wako usianze na mfungaji. Jiulize mlangoni kwake ulipita lini.

Dada yangu alipata wa kumwitikia mahali asipopatarajia. Katika foleni ya dawa alizoeana na wanawake wengine wanne, kila mmoja na mwana wake, na baba mmoja, dereva wa zamani, anayekuja ila hukaa kando karibu na lango kama aliyepita tu. Wakaanza kukutana Alhamisi, baada ya alasiri, chini ya mkungu uliopo nyuma ya nyumba ya mmoja wao. Muuguzi yule huwapitia siku akiwa na nafasi. Kahawa huileta wenyewe. Nilipokwenda mara ya kwanza nilitazamia kukuta vilio, nikawakuta wanacheka, maana mmoja alikuwa akieleza jinsi mwanawe alivyomshitaki kwa sheha kwamba yeye si mama yake bali ni mpelelezi, na sheha akaandika. Halafu wakapanga mambo: nani ana nambari ya simu ya nani ikiwa usiku utachafuka, nani atamwita dereva yule, ambaye gari hana tena lakini mwili mkubwa anao na sauti ya upole, nyumba gani visu vihamishwe kwanza, nani amekwenda wiki ya pili bila ya kulala, na nani atakwenda akamkalie mwanawe alasiri moja ili alale.

Komeo nililing'oa mimi. Tundu nne za misumari zimebaki, na dada yangu amekataa nizizibe.

Kijana hajapona kama mnavyolipenda neno hilo katika hadithi. Sindano anachomwa, unga ameuacha mara mbili na kuurudia mara moja, bangi huiacha na kuirudia kama mtu na rafiki yake mbaya. Amerudi kula chakula cha nyumbani. Mwezi uliopita ikaja harusi ya binti wa jirani, na dada yangu, ambaye hajakanyaga harusi tangu mwaka ule wa yai, akaambiwa na wenziwe wa mkunguni kwamba safari hii ataenda, na zamu ya kukaa na kijana ikapangwa iwe yangu, mjomba mwenye komeo. Akajifukiza udi, akavaa kanga mpya, akasimama mlangoni kwa muda kama aliyesahau kitu, kisha akaenda. Tulikaa uani tukicheza karata. Kiasi cha saa nne kijana aliinama akasikiliza upande wa ukuta, nami nikamwuliza kama wanasema. Akasema, "Wanasema, mjomba, lakini leo wako mbali." Kisha akacheza karata yake, akanila. Dada yangu alirudi saa saba ya usiku, amevua viatu, vimo mkononi, na miguu yake ilikuwa imejaa vumbi la ngoma.